Mia Tano Ukutani

3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila friji ya chanjo ndiyo inayonikondesha. Kipimajoto chake kimekufa. Nimewaandikia wakubwa barua tatu kuomba kingine, wakanijibu moja tu, nao wakasema nisubiri. Basi kila asubuhi nafungua mlango, naingiza kiganja, nafumba macho kama mpiga ramli, kisha naandika daftarini "nyuzi tano". Kaka, ule ni uongo. Sijui kama ni tano au kumi.

Chanjo zinataka nyuzi mbili hadi nane. Zikipata joto zinakufa. Na hizi za kifaduro na pepopunda zikiganda zinakufa pia, tena ukizitazama juujuu huoni tofauti. Wewe ndiye fundi wa ukoo, miaka thelathini unafufua redio za watu. Huwezi kunitengenezea kitu cha kunipa jibu la kueleweka?

Ningekupigia simu kwa jirani yako, lakini mara ya mwisho nilikueleza habari za mazishi ukanijibu "hongera". Masikio yako hayo tuyaache, tuandikiane tu.

Binti yako hajambo. Anajifungua mwezi wa nane. Wanakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, na kila jioni ananiletea miguu yake niikande. Tangu mama yake atutoke amenifanya mimi ndiye mama, nami sikatai. Nataka mjukuu wetu akija aikute friji ina akili.

Mdogo wako,
Nesi

19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Umesema kweli kuhusu masikio. Simu siku hizi naisikia kama mtu anakaanga samaki.

Kasha nimelikabidhi kwa dereva wa basi pamoja na barua hii. Nikueleze linavyofanya kazi, usije ukadhani ni uchawi. Joto halina namba. Linapanda na kushuka taratibu kama maji kwenye pipa, halina ngazi. Kazi yangu ni kuligeuza liwe hesabu. Ndani nimeweka chipu ya miguu minane, ya bei ya chini kuliko vyote dukani kwangu, ambayo haijui kitu kingine ila kupima muda. Chukulia umetega kopo chini ya bomba. Likijaa, unamwaga, linaanza kujaa tena. Kopo ni kapasita. Bomba ni kile kidude cheusi kwenye ncha ya waya, ambacho utakiweka ndani ya friji. Kikipata baridi kinajibana, umeme unapita kidogo kidogo, kopo linachelewa kujaa. Kikipata joto kinalegea, kopo linajaa upesi. Chipu inamwaga, na saketi ya pili inahesabu imemwaga mara ngapi kwa sekunde kumi. Hiyo ndiyo namba nyekundu utakayoiona.

Nimelipima kwa barafu na kipimajoto cha kuazima. Nyuzi tano ni 500. Ukiona kati ya 430 na 580, kalale. Ikizidi hapo friji ina joto, ikipungua friji inagandisha. Muhimu ni kopo libaki na ukubwa uleule siku zote, basi. Usiwe na shaka, vipuri vyote ni vipya, nimevitoa kwenye pakiti.

Achana na kiganja. Kiganja kinadanganywa na uchovu, namba haidanganywi.

Kaka yako,
Fundi

5 Julai

Kaka,

Kasha limefika zima, na zahanati nzima imehamia chumbani kwangu. Mkuu wetu amekuja kulitazama mara tatu, mara ya tatu akavaa miwani. Bibi mmoja aliyeleta mjukuu kupimwa uzito ameniuliza linashika stesheni gani. Nikamwambia linashika friji tu.

Linasoma 498. Kiganja changu nimekistaafisha rasmi.

Nimelitundika ukutani kando ya dirisha, maana soketi ya kuaminika ni hiyo moja. Ukuta ule jua la mchana linaupiga, na bati juu yetu halina dari. Kwa sasa kuna ubaridi, sioni tatizo. Au lipo? Niambie.

Mdogo wako,
Nesi

16 Julai

Mdogo wangu,

Dirishani hapana neno. Penye kivuli ni pazuri zaidi, lakini usije ukavunja ukuta kwa ajili hiyo.

Mwambie binti yangu nampigia mtoto kitanda cha mbao. Najua mimi si seremala, na msumari wa kwanza umeshaingia kwenye kidole changu badala ya ubao. Asicheke sana, asije akajifungua kabla ya wakati.

Kaka yako,
Fundi

20 Septemba

Kaka,

Najua habari umezipata kwa mkweo, lakini ngoja nikupe zangu. Mtoto ni wa kike, alizaliwa tarehe sita ya mwezi wa nane, na tangu siku hiyo hakuna anayeamua kitu nyumbani ila yeye. Akilala tunanong'ona. Akiamka tunakimbia. Tumempa jina la Bi Mkubwa mpaka baba yake atakapopata ujasiri wa kumpa jingine. Pua ni yako, pole yake. Kitanda kimefika, kinayumba kidogo, tumekitia kipande cha boksi chini ya mguu.

Juzi nimemchoma chanjo ya kwanza mimi mwenyewe. Mama yake alifunga macho. Mtoto alilia, akanitazama kwa dharau, akanyonya, akalala.

Joto limetuingilia mapema mwaka huu. Chumba changu mchana ni tanuri. Na hapo ndipo kasha lako limeniokoa, Kaka. Mwanzoni mwa mwezi namba ilianza kupanda, mara 590, mara 640. Nikaongeza baridi. Ikapanda tena, nikaongeza tena, mpaka nikaifikisha 500, na hapo ndipo ninapoishikilia. Nikifungua friji kiganja kinaniambia ni baridi mno, nami nakikumbusha kwamba kimestaafu. Bila wewe ningepika chanjo za mtaa mzima.

Mkuu wetu anataka uwatengenezee na zahanati ya jirani.

Mdogo wako,
Nesi

3 Oktoba

Mdogo wangu,

Hongera zetu sote. Nimewatangazia wateja wote habari za pua.

Neno moja kuhusu kasha. Lihamishe hapo dirishani, liweke upande wa kivuli, hata kama itabidi uazime waya mrefu wa kurefusha soketi. Ni kwa ajili ya usafi wa kifaa tu, jua linaharibu plastiki. Fanya mapema. Ukishalihamisha, tazama namba, kisha uirudishe friji panapostahili.

Hiyo zahanati ya jirani iambie isubiri. Nina kazi nyingi.

Kaka yako,
Fundi

19 Oktoba

Kaka,

Waya wa kurefusha nimeupata juzi tu, nikalihamisha kasha upande wa kabati. Saa moja baadaye namba ikashuka mpaka 350. Sikuigusa friji, Kaka. Nimelihamisha kasha tu, na friji ile ile imeshuka kutoka 500 hadi 350. Nimepunguza baridi, imepanda, leo asubuhi ni 505.

Sasa nakuuliza kama nesi, si kama mdogo wako. Ile 500 ya mwezi mzima ilikuwa ya kweli, au 350 ndiyo ya kweli? Maana kama ni 350, basi nilikuwa nazigandisha. Kuna njia yetu ya kujua. Chanjo iliyoganda ukiitikisa na kuiacha, inatua chini haraka na kufanya vipande vyeupe. Lakini inabidi nifunge chumba, nijaze fomu, niwaite wakubwa, na akina mama wamepanga foleni mpaka nje. Nimeona nikuulize wewe kwanza, kasha ni lako.

Bi Mkubwa alipata chanjo ya pili tarehe kumi na tano. Anatabasamu sasa. Anatabasamia hata ukuta.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Nesi

31 Oktoba

Mdogo wangu,

Usijisumbue na fomu. Umeme ukikatwa na kurudishwa saketi inayumba kidogo kabla ya kutulia. Ulipochomoa waya ndiyo maana ikashuka. Ile 500 ilikuwa ya kweli.

Mbusu Bi Mkubwa.

Kaka yako,
Fundi

17 Novemba

Kaka,

Maji yamenifika shingoni. Kifaduro kimeingia mtaani. Watoto wanakohoa mpaka wanageuka rangi, wanavuta pumzi kwa mlio ambao ukiusikia mara moja huusahau. Wengi wao ni watoto niliowachanja mimi, kwa mkono huu.

Wakaguzi wamekuja. Waliingiza kipimajoto chao kwenye friji, wakakuta nyuzi tano barabara. Wakalitazama kasha lako, nikawaambia limetengenezwa na kaka yangu, fundi wa miaka thelathini, na kwamba halijakosea hata siku moja. Wakaandika. Kisha wakasema kama friji ni nzima na chanjo ni nzima, basi kilichobaki ni mimi. Wanasema nimejaza majina kwenye rejista ya watoto ambao sikuwachoma. Nimesimamishwa kazi tangu Jumatatu. Jana sokoni mama mmoja amehamisha mtoto wake kutoka bega hili kwenda lile ili nisimwone.

Nakaa nyumbani nikijiuliza kama kweli niliwachoma. Imefika hapo, Kaka. Nafumba macho nihesabu sindano.

Bi Mkubwa ana mafua na kikohozi kidogo. Sina wasiwasi sana, amechanjwa mara mbili. Mama yake anakusalimu.

Mdogo wako

27 Novemba

Mdogo wangu,

Barua hii isome ukiwa umekaa, kisha inuka haraka.

Mpelekeni mtoto hospitali kubwa leo hii. Mwambieni daktari asiitazame kadi yake. Huyo mtoto ni kama hajachanjwa kabisa. Na wenzake wote uliowachoma kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tisa ni hivyo hivyo.

Kapasita haikuwa mpya. Zile nzuri za plastiki, zisizojali joto wala baridi, zilikuwa zimeniishia, na mzigo ulikuwa uje baada ya wiki mbili. Nikang'oa moja ya udongo kwenye redio ya zamani. Namba iliyoandikwa juu yake ni ile ile. Lakini hizo za udongo zikipata joto zinapungua, kopo linakuwa dogo, linajaa upesi, na namba inapanda wakati friji haijapata joto lolote. Nilijua. Hili si jambo la kusoma mahali, kila mwenye kushika chuma cha kulehemu saketi analijua. Nilipima kasha mezani kwangu wakati wa baridi, likakubali, nikasema litafaa.

Uliponiandikia kuhusu dirisha nilijua nikujibu nini. Lakini nilikuwa nimeshakuambia vyote ni vipya, na wewe ulikuwa umeshamsimulia mkuu wenu. Nikaandika hapana neno. Uliponiandikia umeongeza baridi mpaka 500, nilikaa na barua yako siku nzima duka likiwa limefungwa. Nikakuandikia habari za plastiki kuharibika. Uliponiuliza kama nesi, nikakudanganya kama kaka. Ulikuwa unazigandisha, mdogo wangu, kwa namba niliyokupa mimi.

Hukufanya kosa. Sindano zote uliwachoma. Onyesha barua hii kwa wakaguzi.

Na hili pia acha nikiri. Jirani yangu ana simu. Ningeweza kumwomba akupigie mwezi wa kumi, ingechukua dakika mbili. Niliandika barua kwa sababu barua inakwenda polepole, na kila siku iliyokuwa njiani ilikuwa siku moja zaidi ambayo hujajua.

Leo nimekwenda kwa jirani huyo, amesafiri na simu yake. Nimempa dereva barua hii mkononi. Mpelekeni mtoto.

Kaka yako

28 Novemba

Kaka,

Nimepiga kwa jirani yako tangu jana, simu haipatikani. Nakuandikia kwa sababu sina njia nyingine.

Bi Mkubwa ametutoka jana, saa nne asubuhi. Tumemzika jioni ile ile. Angetimiza miezi minne wiki ijayo.

Hospitali tulimpeleka, usidhani tulikaa tu. Tulimpeleka mara mbili. Daktari alifungua kadi, akaona chanjo mbili zenye saini yangu, akasema huyu hawezi kuwa na kifaduro, ni kifua cha kawaida. Akatupa dawa ya maji. Mara ya tatu hatukufika. Alikuwa akikohoa hapati nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Mama yake alikuwa amembeba, mimi nilikuwa nikitafuta gari.

 Binti yako amekaa, anatazama mlango. Mumewe amepeleka kitanda kwa jirani.

Kuna watu wanasema hata huyu sikumchoma, nilimwandika tu. Mama yake aliyafunga macho siku ile, kwa hiyo hawezi kuwaapia kwamba aliiona sindano. Ukiweza kuja, njoo.

Mdogo wako

6 Desemba

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika siku ya nne baada ya mazishi. Nimeisoma nikiwa nimekaa kama ulivyosema. Kisha sikuwa na pa kuinukia.

Nimeipeleka kwa wakaguzi. Kwenye friji kulikuwa kumebaki chupa mbili za mwezi wa tisa. Wamezitikisa mbele yangu, wakazisimamisha mezani, vipande vikatua chini kabla hatujamaliza kukaa. Dakika chache tu, Kaka. Ningeweza kufanya hivyo mwezi wa kumi. Nilikuwa na chupa mkononi na nikachagua kukuuliza wewe, kwa sababu tangu utotoni nikivunja kitu nakuletea. Hilo ni langu na nitalibeba.

Wamenirudisha kazini. Usifurahi. Kuna nyumba sitini na nne ambazo lazima turudi kuchanja upya, na hakuna hata moja inayotaka kuniona.

Binti yako hajui. Anadhani ni Mungu. Nimemtazama siku tatu nikitafuta pa kuanzia, na nimeamua sitaanza. Nimekukandia mtoto wako miguu, nimemzalisha, nimemshika siku ya mazishi. Hili la kumwambia ni lako. Mwandikie yeye, na umwandikie kwa maneno uliyoniandikia mimi, bila kupunguza hata moja. Ukimwandikia kwa kuzungukazunguka nitajua, kwa sababu atakuja kuniuliza.

Nesi

20 Desemba

Baba,

Nimepata barua yako. Nimeisoma, nikamsomea mume wangu, kisha nikaenda kwa shangazi nikamuuliza kama yote ni kweli. Akasema ndiyo.

Umeandika kwamba hutegemei nikusamehe. Sijafika huko hata kufikiria. Kuna saa nakuonea huruma, na kuna saa natamani ungekuwa karibu nikupigie kelele mpaka masikio yako hayo yazibuke. Halafu nakumbuka kwamba shangazi alimuuliza mtu anayemwamini kuliko wote, na mimi ningefanya vile vile. Mwanangu alikuwa anatabasamu wakati wewe unaandika kwamba saketi imeyumba. Siwezi kulitoa hilo kichwani.

Jumatatu tarehe nne ya Januari tunaanza kuzunguka nyumba sitini na nne. Shangazi atachoma, mimi nitaandika majina. Tulijaribu nyumba tatu wiki hii. Mbili walitufungia mlango, ya tatu walitumwagia maji miguuni. Wanamwona shangazi ndiye muuaji, na karatasi za wakaguzi hakuna anayezisoma. Kila siku tunayochelewa kuna mtoto ambaye mama yake anaitazama kadi na kujiambia amechanjwa.

Kwa hiyo njoo. Usije kunifariji, sitaki kufarijiwa na wewe. Ukishuka kwenye basi usinisogelee, usinishike mkono, na usisubiri nikuamkie, sitaweza. Njoo ubebe kasha la barafu la chanjo. Kila tutakapobisha hodi, mimi na shangazi tutasimama nyuma, na wewe utakuwa mbele. Mlango ukifunguliwa, ni wewe utakayesema kwa nini tumerudi. Utalisema mara sitini na nne. Na tukimaliza kuna nyumba ya sitini na tano, ambayo ni yangu. Utabisha hodi, nitakufungulia, na utaniambia na mimi.

Binti yako